Wageni wa Chalbi: Soko linalomfuata mbuzi jangwani

Magari ya wapiga kambi huingia Kalacha jioni, yakiwa yamefunikwa vumbi jeupe hadi kwenye vioo. Kwa kawaida huwa mawili au matatu, kwa kuwa mtu aliyeonywa vyema havuki jangwa la Chalbi kwa gari moja. Juu ya paa kuna mahema, mitungi ya maji, mikebe ya mafuta, matairi ya akiba na kuni zilizofungwa kwa kamba. Ndani kuna sanduku la barafu lililojaa nyama iliyonunuliwa Nairobi.

Nyama, ilhali kila boma wanalolipita lina mbuzi.

Kwa mfugaji anayeutazama msafara huo ukipita, hapo ndipo penye kitendawili cha utalii wa jangwani. Wageni wametumia pesa nyingi kumfikia. Kisha wanapiga kambi hatua chache kutoka kwake, wanapika chakula chao wenyewe, wanapiga picha jua likizama na kuondoka alfajiri. Wanachomwachia ni alama za magurudumu na, mara nyingine, mikebe mitupu ya maharagwe.

Hata hivyo, safari hiyo hiyo ina vitu kadhaa ambavyo hakuna gari linaloweza kuvibeba kutoka Nairobi. Mwenyeji anayevijua vitu hivyo na kuviweka tayari ndiye anayepata chake.

Chalbi iko kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi kuliko sasa, palikuwa ziwa. Maji yalikauka, chumvi ikabaki. Jina lenyewe, kwa lugha ya Wagabra ambao ndio wafugaji wakuu wa eneo hilo, lina maana ya mahali patupu penye chumvi. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 200, na jua pamoja na upepo vinaweza kukausha maji mara kumi ya kiasi hicho.

Mgeni anakuja kuona utupu huo. Ardhi ni tambarare na nyeupe kadiri jicho linavyoweza kuona, na mchana kunatokea mazigazi, yale maji ya uongo yanayong'aa mbele ya gari na kukimbia kila unapoyakaribia. Kandokando ya jangwa kuna visima na chemchemi, hasa Maikona, Kalacha na North Horr, na pale Kalacha mikoma imesimama kama msitu mdogo uliopotea njia. Ngamia huletwa visimani kwa mamia. Usiku ukiwa hauna mwezi, nyota huonekana hadi zile za chini kabisa, maana hakuna taa ya mji inayozififisha. Wengi huunganisha safari hiyo na Loiyangalani, kando ya ziwa, chini ya Mlima Kulal.

Kwa miaka mingi safari hii ilikuwa ya watu wachache wenye muda na magari ya kustahimili mashimo. Lami ya Isiolo hadi Moyale, iliyokamilika katikati ya miaka ya 2010, ilibadilisha hesabu. Sasa gari linaloondoka Nairobi alfajiri hufika mji wa Marsabit, zaidi ya kilomita 500, kabla ya jua kutua. Kutoka hapo kwenda Maikona na Kalacha ndipo lami huachwa nyuma na mawe meusi ya volkano kuanza kula matairi.

Upande wa pili, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima, karibu na Loiyangalani, ilitengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo hiyo 365 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kwa hiyo msafiri anaweza kuingilia Marsabit, avuke Chalbi, alale North Horr, aone ziwa na kurudi kupitia Laisamis bila kurudia njia.

Lakini barabara nzuri ina hasara yake kwa mfanyabiashara mdogo wa jangwani. Kadiri gari linavyofika haraka, ndivyo linavyohitaji kidogo njiani.

Tuchukue mfano wa kundi la watu wanane kwa magari mawili, wanaolala Chalbi siku mbili. Safari nzima ya kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya jangwani, inaweza kuwa kilomita 1,600. Gari kubwa la magurudumu manne lililosheheni mizigo likienda kilomita tano au sita kwa lita, magari hayo mawili yatakunywa karibu lita 600. Kwa bei ya mfano ya Sh170 kwa lita, hiyo ni zaidi ya Sh100,000. Pesa hizo zote hubaki katika vituo vya mafuta vya Nairobi, Isiolo na Marsabit. Hakuna shilingi hata moja iliyofika Kalacha.

Sasa tuone upande wa mwenyeji, bado kwa bei za mfano. Ada ya uwanja wa kambi ikiwa Sh500 kwa mtu kwa usiku, watu wanane kwa usiku mbili watalipa Sh8,000. Mwelekezi wa njia kwa siku tatu, Sh2,000 kwa siku, atapata Sh6,000. Mlinzi wa usiku Sh2,000. Mbuzi mmoja aliyechinjwa na kuchomwa, Sh8,000. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo, mitungi 15 ya lita 20 kwa Sh50, ni Sh750. Maziwa ya ngamia lita nne kwa Sh150, Sh600. Watu wanne wakipanda ngamia kwa Sh500 kila mmoja, Sh2,000. Jumla ni Sh27,350.

Ukiiangalia jumla hiyo haraka unaweza kusema ni biashara nono. Igawe uone. Makundi kumi kwa mwaka yataleta ada ya uwanja Sh80,000. Ikiwa uwanja ni wa chama cha akina mama 20, kila mmoja atapata Sh4,000 kwa mwaka, kabla ya kutengeneza choo na kulipia kibali cha kaunti. Hiyo ni chini ya bei ya mbuzi mmoja katika mfano huu huu. Anayefikiria kuacha mifugo ili aishi kwa ada ya mahema anajidanganya, na miradi kadhaa ya utalii vijijini imekufa kwa sababu mtu alikuja na karatasi zenye hesabu tamu za wageni wasiokuja.

Faida iko kwa mbuzi, na sababu ni rahisi. Mbuzi wa Kalacha anayepelekwa Marsabit hulipiwa nauli ya lori, hupungua uzito njiani, kisha huanguka mikononi mwa dalali anayejua kwamba mwenyewe hawezi kumrudisha nyumbani. Akipelekwa hadi Nairobi, mikono inaongezeka na mfugaji anabaki na sehemu ndogo zaidi ya bei ya mlaji. Mbuzi anayeliwa kambini hana nauli, hana dalali, na ngozi, kichwa na matumbo hubaki kwa mwenyewe. Soko limetembea zaidi ya kilomita 600 kumfuata mbuzi malishoni. Ni mbuzi wachache kwa mwaka, kweli, lakini kila mmoja ameuzwa kwa bei ambayo sokoni asingeipata.

Jambo hilo lina uzito mkubwa zaidi tangu ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua iliposhindwa misimu mitano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa katika maeneo kame ya Kenya, na Marsabit ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia vibaya. Familia zilizokuwa na mbuzi mia zilibaki na wachache wa kuhesabu kwa vidole. Mwenye mbuzi kumi hawezi kurudisha kundi lake kwa kuuza wanne kwa bei ya kutupa kila karo ya shule inapodaiwa. Anahitaji kila anayemuuza amletee fedha za kutosha, ili majike yabaki yazae.

Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukavu wa malisho ilianzishwa kwa majaribio Marsabit mwaka 2010. Imewasaidia waliolipia, ila bima hutoa fidia ukame ukiingia. Haiongezi bei ya mnyama siku ya kawaida.

Kitu cha pili ambacho hakibebeki ni kuijua njia. Hapa mgeni hana ujanja, na makosa yake ni ghali. Uso wa Chalbi huonekana mkavu na mgumu kama sakafu ya saruji, lakini mvua ikiwa imenyesha siku za karibuni, chini ya ganda hilo la chumvi huwa kuna matope mazito. Gari hupasua ganda, magurudumu hushuka, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozama hadi kwenye ekseli. Hakuna mti wa kufungia kamba. Katika misimu ya mvua nyingi sehemu za jangwa hugeuka ziwa la maji ya kina kifupi, na njia ya moja kwa moja hufungwa kabisa.

Kijana aliyekulia kuchunga ngamia hapo hujua kwa kutazama rangi ya ardhi mahali pa kupita na mahali pa kuzunguka, hata mzunguko uwe wa saa tatu. Sh2,000 kwa siku ni kidogo ukilinganisha na gari lililokwama siku mbili na watu wanane wanaogawana maji. Cha ajabu, wageni wengi hukataa mwelekezi wakisema wana simu yenye ramani. Simu huonyesha mwelekeo vizuri, haionyeshi matope.

Wale wanaoifanya kazi hiyo vyema hawangojei mgeni akwame. Humsubiri Marsabit au Maikona, hukagua kama kila gari lina beleshi, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, kamba ya kuvutia na matairi mawili ya akiba, kisha huuliza juu ya maji. Lita tano za kunywa kwa mtu kwa siku ndicho kiasi cha chini katika joto la nyuzi 35 na zaidi, na gari linafaa kubeba akiba ya siku mbili za ziada. Maji ya baadhi ya visima ni ya chumvichumvi. Ngamia huyanywa bila taabu, lakini tumbo la mtu wa Nairobi huweza kulalamika usiku kucha.

Mwelekezi pia ndiye anayechagua mahali pa hema. Ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, mchanga ni laini na kuna kivuli, kwa hiyo ndipo mgeni hupapenda. Lakini mvua ikinyesha milimani mbali, ambako hata wingu halionekani, maji huweza kushuka ghafla usiku na kuzoa kila kitu. Juu ya ganda la chumvi nako vigingi havishiki vizuri, na upepo wa eneo hili, ule ule unaozungusha mitambo ya Sarima, huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Hema hufungwa kwa mawe au magunia ya mchanga, nyuma ya kichaka au ukuta. Viatu hukung'utwa asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge.

Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba wageni hubeba mahema ya nailoni hadi kwa Wagabra, watu ambao nyumba zao zenyewe huhama. Nyumba ya Kigabra huwa ya fito zilizopindwa, mikeka na ngozi. Huvunjwa, hupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena penye malisho mapya. Kazi ya kuijenga ni ya akina mama, na nyumba huhesabiwa kuwa ya mama. Nyumba mbili au tatu za aina hiyo zikisimamishwa uwanjani, kando ya nafasi ya mahema, zinaweza kulipiwa kuliko hema, kwa kuwa hukaa na upepo vizuri na mgeni atalipa zaidi kulala katika kitu asichonacho kwao. Kinachohitajika ni mikeka safi, maji ya kunawa na choo chenye mlango. Choo ndicho husahauliwa, na ndicho mgeni hukisimulia akifika nyumbani.

Akina mama hao pia wana bidhaa nyingine isiyopatikana katika sanduku la barafu. Nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, hukaa muda mrefu bila friji. Barafu ya mgeni kwa kawaida huyeyuka siku ya pili, na nyama ya Nairobi huanza kunuka. Hiyo ndiyo siku ya kumwonyesha chupa ya nyirinyiri. Iliyofungwa vizuri hununuliwa tena wakati wa kuondoka, kama zawadi. Vyombo vya maziwa vilivyosukwa na kufukizwa moshi pia huuzika, ilimradi bei itajwe mapema na isibadilike mgeni akionyesha kupenda.

Wakulima nao wana nafasi, ingawa jangwani hakuna shamba. Mlima Marsabit una udongo mzuri, na jamii kama Waburji wanajulikana huko kwa kilimo. Mboga zinazouzwa mjini Marsabit ndizo za mwisho ambazo msafiri ataziona kabla ya ziwa. Mwenye kibanda anayeelewa safari hii hamuuzii mgeni sukuma wiki, maana joto huinyausha kwa siku moja. Humfungia kabichi nzima, viazi, vitunguu, karoti, ndimu na nyanya ambazo bado hazijaiva sana, katika kreti yenye nafasi ya hewa. Kreti moja ya siku tatu kwa watu wanane ni mauzo mazuri kuliko mteja anayenunua nyanya za Sh20. Fundi wa pancha aliye mwanzo wa barabara ya Maikona naye hana haja ya kutafuta wateja, mawe humtafutia.

Kuni ni suala gumu zaidi. Ni kweli mgeni hununua kuni akizikuta, lakini miti ya Kalacha na kandokando ya chemchemi ni michache, na mkoma mmoja ukikatwa huchukua miaka kurudi. Palipo na mathenge, mti ulioletwa kutoka nje ambao umevamia malisho katika sehemu nyingi za kaskazini, kuuza matawi yake kunasaidia pande zote mbili. Mahali pengine ni heri mgeni apike kwa gesi aliyokuja nayo. Vivyo hivyo kwa taka: mifugo hula plastiki na kufa polepole, kwa hiyo uwanja wenye busara humrudishia mgeni mfuko wake wa taka ndani ya gari kabla hajaondoka.

Swali linaloleta ugomvi kuliko yote ni nani apokee ada ya kambi. Ardhi yenyewe ni ya jamii. Mahali pengi mgeni humlipa kijana wa kwanza aliyemkuta, jioni anakuja mwingine akidai yeye ndiye mwenye uwanja, na asubuhi mzee anafika akisema hakuna aliyempa taarifa. Mgeni aliyelipa mara tatu harudi, na huwaonya wenzake.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake na kuchagua kamati ya kuisimamia, na mkataba wowote wa uwekezaji unapaswa kuidhinishwa na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano. Wakazi wa eneo hili wana sababu ya kulitilia maanani. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo zilipatikana bila kufuata taratibu za kisheria, baada ya wakazi kwenda mahakamani. Uwanja wa kambi ni kitu kidogo sana mbele ya mradi kama huo, lakini chanzo cha mzozo ni kile kile. Kitabu cha risiti, bei zilizoandikwa kwenye ubao na jina la chama kilichosajiliwa vinatosha kuanzia.

Biashara hii haiwezi kutegemewa peke yake. Mwaka 2020 korona ilifunga barabara. Mei 2022 serikali ilitangaza marufuku ya kutoka nje usiku katika kaunti nzima ya Marsabit kwa sababu ya mauaji na wizi wa mifugo, na safari za kujivinjari hazifanyiki mahali penye tangazo kama hilo. Mwishoni mwa 2023 mvua kubwa zikafuata ukame, na njia nyingi zikakatika. Mgeni wa busara huuliza polisi na wenyeji kuhusu usalama kabla ya kuondoka Marsabit, na mwenyeji wa busara humwambia ukweli hata kama atapoteza Sh27,000. Gari likipatwa na baya mara moja, makundi ya mwaka mzima hughairi.

Msimu wenyewe ni mfupi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, zikinyesha, huharibu njia. Miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu, na Januari na Februari nazo hufaa kwa anayestahimili joto. Wageni wengi huja wakati wa likizo za shule na sikukuu.

Wanaopata zaidi ni wale wanaoagizwa mapema. Kiongozi wa msafara hupiga simu akiwa bado Isiolo, anataja idadi ya watu na usiku watakaolala, bei ya mbuzi inakubaliwa na nusu yake inatumwa kwa M-Pesa kabla magari hayajaacha lami Marsabit, maana mbele ya hapo mtandao hukatika ovyo. Mbuzi hutengwa na kundi asubuhi hiyo, mwelekezi huamkia Maikona, na sanduku la barafu hubaki Nairobi.